Virusi wengi ndani ya mtu mmoja

Kazi yangu ni kusoma jeni za VVU maabara, na bado kila sampuli hunishangaza. Mara nyingi maambukizi huanzishwa na kirusi kimoja tu. Asiyetibiwa hatimaye hubeba kundi zima la virusi wanaotofautiana. Kimeng'enya kinachonakili jeni hizo, zenye herufi kama 9,700, hakisahihishi makosa yake, na virusi wapya huzaliwa kwa mabilioni kila siku.

Ninaloliogopa ni badiliko la jeni liitwalo M184V. Herufi moja inabadilika, basi lamivudini, mojawapo ya dawa za VVU, inaishiwa nguvu! Dawa zikimezwa ipasavyo, badiliko hilo ni nadra kupata nafasi ya kutokea. Likishatokea, hujificha miaka kwenye seli zilizolala, hata kipimo kisilione. Ndiyo maana huulizia dawa zote alizowahi kutumia mgonjwa kabla sijaandika majibu.