Eti nalipwa kutalii

Saa kumi alfajiri niko macho. Watu wakisikia kazi yangu ni kuzungusha wageni pwani, Mombasa mpaka Malindi, wanasema aah wewe unalipwa kutalii. Hiyo bahari mimi naionea kwa kioo cha pembeni jamani.

Saa kumi na moja gari ishaoshwa, tairi, maji, oili, yote sawa. Na jana usiku niliwaandikia hao wageni wangu wa Nairobi, mwezi ni mpevu, kesho ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, Watamu yatakupwa kama saa tano hivi, mkitaka kutembea juu ya mafungu ya mchanga tutoke saa kumi na mbili kamili. Wakanijibu kwa dole gumba.

Saa kumi na mbili niko mlangoni hotelini Nyali. Saa moja niko. Saa mbili mmoja anashuka kuuliza kama chai bado ipo. Tumetoka saa tatu na nusu, tukaenda moja kwa moja kukaa kwenye foleni ya Mtwapa.

Vipingo, mashamba ya mkonge, picha. Daraja la Kilifi madam anataka nisimame katikati, nikamwambia dada hapa hapasimamwi, akanuna mpaka msitu wa Arabuko Sokoke. Gede tukaingia, mji wa Waswahili wa kale uliohamwa karne ya 17, misikiti na majumba ya mawe mwituni, 2024 UNESCO wakautia kwenye urithi wa dunia, mimi hapo huongea nikapandwa na mori lakini wao walikuwa wanapiga picha kima mitini. Saa nzima kima tu.

Watamu saa tisa kasoro.

"Dere, mchanga uko wapi?"

"Uko chini ya maji, dada."

"Lakini kwa picha upo!"

Nikaanza somo, kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa sababu yanafuata mwezi, kwamba sahizi ndio yanapanda na yatajaa kama saa kumi na moja. Akasikiliza vizuri sana halafu akauliza hakuna ufuo mwingine karibu ambao haujajaa? Wallahi aliuliza. Nikamwambia bahari ni hiyo hiyo moja. "Sasa si ungetuambia mapema dere." Mkono ukaenda mfukoni kwa simu nimuonyeshe lile dole gumba, nikaurudisha, bakshishi bado iko mbali.

Malindi sijui tulifika saa ngapi, jua lilikuwa laenda zake. Kwenye nguzo ya Vasco da Gama kijana mmoja akasema kumbe huyu ndio aligundua huku, na mgongo ulivyokuwa ukiniuma bado nikashindwa kunyamaza, nikamwambia alikuja 1498 akakuta mji na sultani wake, tena ni sultani aliyempa rubani wa kumvusha mpaka India. Kimya. Halafu, "Dere, choo kiko wapi?"

Kurudi wote wamelala, mmoja anakoroma, mimi na taa za malori usoni. Sasa ni saa tano usiku nafagia mchanga garini, sijui wameutoa wapi na ulikuwa chini ya maji, simu ikalia, madam.

"Dere, kesho turudi Watamu. Saa sita si ni sawa?"

Nimemjibu kwa dole gumba.