Ukisikia mtoto anaumizwa, taarifa unaipeleka wapi?

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamgusa mwanajamii yeyote, awe mwalimu, nesi, mama ntilie au jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuifikisha kwa serikali za mitaa za eneo lake. Taarifa tu inatosha, uchunguzi una wenyewe. Huku kwetu Tabora watu hungoja kwanza wawe na uhakika, na wakati wanangoja, nguo zinafuliwa, mtoto anahamishiwa kwa bibi yake, na upande wa mtuhumiwa umeshafika na mbuzi.

Pa kuanzia panategemea kilichotokea. Mzazi mwenye uwezo anayemnyima mtoto chakula, mavazi, matibabu au shule, huyo ni wa afisa ustawi wa jamii. Atamwita, watazungumza, uamuzi utatolewa kwa maslahi ya mtoto, na akikaidi anafikishwa mahakamani. Unaweza kumfikia kupitia mtendaji wa kijiji au wa kata; afisa ustawi mwenyewe anapatikana halmashauri.

Wilaya zetu za Urambo, Kaliua na Sikonge kuna jambo jingine: tumbaku. Mtoto anaruhusiwa kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ila ikizidi saa sita kwa siku, au ikimharibia afya na makuzi, tayari ni unyonyaji. Kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa kabisa. Kwa hiyo mtoto anayekesha banini, yaani kwenye banda la kukaushia tumbaku, akichochea kuni ni wa kutolewa taarifa, hata kama mwenye shamba anasema "ananisaidia tu".

Ubakaji, ulawiti au kipigo cha kujeruhi ni jinai. Hapo nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kituo kiko mbali, piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Mtendaji mjulishe, lakini asiitishe kikao. Baraza la kata halina mamlaka ya kusikiliza ubakaji, na kumkalisha mtoto meza moja na aliyemuumiza mbele ya wazee ni kumfundisha kukanusha.

Muda ndio unaowaponyoka wengi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema inavyowezekana, na zinamezwa siku 28. Kwa binti aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba inawezekana hadi saa 120. Si kila zahanati inakuwa na dawa hizo, hivyo uliza kwa simu kabla hujamsafirisha mtoto, au mpeleke moja kwa moja hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa ya Kitete kama uko Tabora mjini. PF3, fomu ya kupatia matibabu na kurekodi majeraha, inatolewa polisi, lakini mtoto anayevuja damu anatibiwa kwanza, fomu itafuata. Asiogeshwe. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zianikwe kivulini zikauke, kisha ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye rambo unyevu unaozesha ushahidi.

Sasa daftari. Mwalimu au jirani aliyesikia wa kwanza aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, nani alikuwepo, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Mtoto akisema "anko alinishika huku, akaniambia nisiseme", andika hivyo hivyo. Ukiandika "amebakwa", umeingiza hitimisho lako, na mahakamani mtoto akieleza kwa maneno yake, upande wa utetezi utashika hiyo tofauti. Usimhoji tena na tena. Muulize "ilikuwaje?" kisha nyamaza. "Ni fulani, siyo?" ni swali lenye jibu ndani yake. Jina la mtuhumiwa likitajwa, liingie kwenye maelezo ya kwanza kabisa polisi, kwa sababu shahidi anayemtaja mtu mapema huaminika zaidi kuliko anayemkumbuka baada ya wiki mbili.

Kesi nyingine huanguka kwenye umri. Hati ya mashtaka inasema binti ana miaka 15, halafu hakuna shahidi anayeuthibitisha. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kwa cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kukosa cheti siyo mwisho. Ugumu uko kwa watoto wanaoletwa kutoka Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, kulima, wazazi wamebaki huko. Huyo atafutiwe kadi ya kliniki, au mzazi apigiwe simu mapema, kabla jalada halijaenda kwa mwendesha mashtaka.

Mtoto asiyezidi miaka 14 hahitaji kuapa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 anaahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na hiyo ahadi lazima ionekane kwenye mwenendo wa kesi.

Kuhusu "kuyamaliza kifamilia": kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mama hawezi kuifuta, na ng'ombe waliopokelewa hawaifuti. Kinachoiua ni shahidi kutofika. Familia ikianza kulegea, mwambie afisa ustawi mapema, kwa sababu mtoto anaweza kuhitaji kukaa kwingine hadi atakapotoa ushahidi.

Ukishatoa taarifa polisi, usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na jina la mpelelezi. Rudi baada ya wiki ukiwa na hiyo namba. Kukiwa kimya, panda ngazi: mkuu wa kituo, kisha mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha ofisi ya mashtaka ya mkoa.