Ijumaa Moja, Bur Dubai

Ofu yangu ilikuwa Ijumaa. Mwaka huo wa 2016 Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko Dubai, na mlinzi aliyepangiwa ofu siku hiyo alionewa wivu kambi nzima, kwa kuwa wengine walipumzika Jumatatu au Jumatano, wakati mji wote uko kazini. Lakini ofu usiidhanie kuwa ni siku kamili. Nilitoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, basi la kampuni likazunguka kushusha hawa na kupakia wale, na nikafika chumbani kwetu Al Quoz jua limeshapanda. Juma hilo nilikuwa nahamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo basi la kunirudisha kazini lingeondoka saa kumi na nusu alfajiri ya Jumamosi. Kati ya mabasi hayo mawili kulikuwa na kufua, foleni ya pasi, foleni ya jiko, kutuma pesa nyumbani, na kulala.

Kulala ndiko kulikokula ofu. Mtu hujinyoosha dakika kumi tu, akaja kuamka alasiri kichwa kizito, akala, akapiga pasi yunifomu, na siku ikawa imekwisha. Nilikuwa nimeona ofu zangu nyingi zikipotea hivyo. Asubuhi ile nilioga maji ya baridi, nikavaa kanzu niliyotoka nayo Lamu, nikawahi mlango kabla usingizi haujaniwahi mimi.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, kijana wa Kakamega, akaniona. Kambini nilikuwa naitwa kwa jina la kwetu.

"Lamu, ngoja tutoke pamoja. Tunaenda Karama."

"Leo nendeni tu, ndugu yangu. Mimi natoka peke yangu."

"Kwani uko na mtu?"

"Sina."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Nilimpenda kijana yule. Nilipofika mgeni ndiye aliyenionyesha duka la kununua mchele kwa bei nzuri na jinsi ya kuzungumza na supavaiza. Lakini tukiwa pamoja mazungumzo yetu yalikuwa kazi tu: nani mshahara wake umechelewa, nani kakatwa pesa ya siku, nani kapata viza ya Qatar. Na mlinzi ana uchovu wa namna yake. Habebi gunia wala hachimbi mtaro. Anachoka kwa kungoja na kwa kutazamwa. Kwa muda wa saa 12 nilisimama kwenye ukumbi wa jengo la ghorofa nyingi, kamera juu ya kichwa, nikiwafungulia mlango watu wanaopita huku wakitazama simu zao. Kiti kilikuwapo, ila kukikalia ni mpaka uruhusiwe. Nilichokitaka siku ile ni kusimama nikitaka na kukaa nikitaka, asiwepo hata rafiki wa kuniuliza kwa nini nimekaa.

Siku hizo metro ilikuwa haianzi Ijumaa mpaka saa nne asubuhi. Tulikusanyika nje ya stesheni, karibu sote wanaume, Wahindi, Wapakistani, Wanepali, Wafilipino, Waafrika, kila mtu kavaa nguo yake nzuri, na marashi yamechanganyika hewani kama mlangoni pa harusi. Milango ilipofunguliwa tukaingia. Nikashuka BurJuman, nikabadili treni, nikatokea Al Ghubaiba, hatua chache tu kutoka kwenye hori.

Anayeisikia Dubai kwa mbali huisikia Burj Khalifa, jengo la mita 828, na chemchemi zinazocheza chini yake. Nilikuwa nimeshakwenda huko nilipokuwa mgeni, nikapiga picha, nikaituma nyumbani, mama akafurahi. Sikuona haja ya kurudi. Bur Dubai ni mji mwingine. Hapo mkono wa bahari unaingia katikati ya mji, upande huu Bur Dubai na ule Deira, na mashua za abiria wanazoziita abra hazikomi kwenda na kurudi. Nauli ilikuwa dirham 1. Hata mimi niliyekuwa nikihesabu kila dirham niliweza kuvuka na kurudi bila kujiuliza mara mbili.

Nilisali Ijumaa msikiti mkubwa ulio karibu na ngome ya Al Fahidi. Watu walijaa mpaka barabarani, waliokosa miswala wakatandika maboksi. Kisha nikapanda abra, nikaketi ukingoni kwenye ubao pamoja na wasafiri wengine, miguu ikikaribia maji. Nimezaliwa kisiwani. Mpaka dakika ile sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimekaa miezi kadhaa bila kuyasogelea maji ya chumvi. Niliinama nikachovya mkono. Nahodha akanikemea kwa Kiurdu, kwa haki kabisa, maana abra nyingine ilikuwa inatupita ubavuni.

Upande wa Deira majahazi yamefungwa gatini, moja ubavuni mwa jingine, na shehena imerundikwa nje bila uzio: matairi, friji, viyoyozi, maboksi ya sabuni. Siku hizi yanakwenda kwa injini, lakini umbo ni lile lile, omo na tezi, mbele na nyuma yake, utalitambua hata ukiwa umefumba jicho moja. Baharia mmoja alikuwa anaanika nguo. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha chuo cha Kurani waendako. "Bosaso, Somalia," akajibu, akaendelea kuanika. Nilikaa juu ya gati, nikanunua chai ya maziwa kwa dirham 1, nikaitazama kazi ya watu wengine bila kuwa na kazi. Sijui nilikaa muda gani pale. Hiyo ndiyo saa niliyoistarehea kuliko zote nilizoishi katika nchi ile, na hakuna kilichotokea ndani yake.

Nilirudi Bur Dubai, nikafuata ukingo wa maji mpaka mtaa wa zamani ambao watu wengi bado wanauita Bastakiya. Ulijengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak, Uajemi, zaidi ya miaka mia iliyopita. Nusu yake ilibomolewa miaka ya 1980 ili kupisha majengo mapya, iliyobaki ikahifadhiwa. Juu ya nyumba kuna minara ya upepo, iliyo wazi pande nne, inayoukamata upepo wowote unaovuma na kuuteremsha chumbani. Hiyo kwetu hatuna. Lakini vingine vyote nilivijua. Vichochoro vyembamba vyenye kivuli mchana kutwa. Mlango mzito wa mbao, na ukishaupita ukuta unakuzuia usione ndani mpaka upinde. Kuta za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa. Palipobanduka chokaa, jiwe lilionyesha vitundu vyake. Niligusa ukuta ule kwa kiganja. Ungenifumba macho ukaniambia niko Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe kwetu Lamu, ningekubali.

Nyumba moja ilikuwa imefanywa makumbusho madogo, kuingia ni bure. Chumba chake kilikuwa kirefu na chembamba, mapana hayafiki mita 3. Nikatazama juu.

Dari ilikuwa ya boriti. Za mviringo, nyekundu ya kuiva, zimepangwa ubavu kwa ubavu toka ukuta hadi ukuta, na juu yake mkeka wa makuti ya mtende. Ukutani kulikuwa na kibao cha maelezo kinachosema miti ile ni mikoko iliyoletwa kwa majahazi kutoka Afrika Mashariki, na kwamba urefu wa mti ndio uliopanga upana wa vyumba. Huo ndio urefu unaopanga vyumba vya Lamu pia.

Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mkata mikoko. Walikwenda kwa mashua mpaka ndani ya mikono ya bahari upande wa Dodori na Kiunga, wakakaa huko wiki kwa wiki wakiyafuata maji: yakitoka wanakata, yakijaa wanapakia. Mti unaangushwa kwa shoka, unachunwa, unabebwa begani ndani ya tope lenye kufika magotini. Lamu miti ilipangwa ufukweni kwa unene wake, kuanzia myembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikauzwa kwa korja, ishirini ishirini. Majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yaliondoka nayo upepo ulipogeuka kusi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na babu akageukia nyavu. Kwa hiyo mimi sikuwahi kumwona akikata. Nilimjua mvuvi mwenye sugu nene kwenye bega la kulia, ambayo sisi wajukuu tulikuwa tukiigonga kwa vidole akilala mchana.

Na nyumba yetu, mtaa wa Langoni, ilikuwa ya udongo na makuti. Boriti za babu zilikuwa za kuuzwa. Hilo sikuwahi kulifikiria hata mara moja mpaka niliposimama katikati ya chumba kile shingo imepinda, na lilinichoma.

Nilipiga picha. Simu za WhatsApp zilikuwa zimefungwa nchini kule, lakini ujumbe wa sauti ulikuwa unapita, basi nikamtumia mjomba picha pamoja na maneno machache, nikamwomba amwonyeshe babu barazani baada ya Alasiri. Kisha nikazihesabu boriti za chumba kile. Zilikuwa 31. Sina hakika nilizihesabu kwa nini. Mlinzi huhesabu vitu.

Ngome ya Al Fahidi, ambayo ndani yake kulikuwa na Makumbusho ya Dubai, ilifunguliwa mchana, kiingilio dirham 3. Nilipita haraka. Uani kulikuwa na kibanda cha makuti ya mtende na mashua za zamani, na chini ya ardhi sanamu za wazamia lulu na wauza soko. Vizuri vyote, lakini akili yangu ilikuwa kwenye simu.

Jibu lilikuja jua linaanza kuteremka. Sauti ya babu ilikuwa karibu mno na simu, akipaza kama mtu anayeita mashua.

"Mjukuu wangu, nimeonyeshwa. Picha ni ndogo na macho yangu ni ya kizee, lakini huo ni mkoko, hilo silo la kuuliza. Sasa niambie, hizo ni boriti au ni mazio? Maana mazio sisi tulilipwa kidogo, na wao tulisikia wakifika huko huziuza zote kwa jina la boriti. Usinitazamie kwa macho. Tia mkono unishikie unene."

Niliondoka pale kwa mwendo ambao si wa mtu aliye ofu. Mzee Mhindi aliyekuwa akitunza ile nyumba alikuwa ameshaanza kufunga madirisha. Nilimweleza kwa Kiingereza, babu yangu, miti, unene, na sidhani alielewa zaidi ya nusu, lakini alinipeleka kwenye ngazi ya kupandia juu, mahali ambapo vichwa vya boriti vimetokeza nje ya ukuta usawa wa kifua. Nikakizungushia kimoja mikono miwili. Vidole gumba viligusana. Vile vya kati vikagusana kwa shida. Nikajaribu cha pili na cha tatu. Mti ulikuwa mkavu, laini, bila alama ya mchwa. Mzee akangoja na funguo zake, hakuniharakisha.

Nikamtumia babu majibu, na ile hesabu ya 31 pia. Safari hii hakukawia.

"Vidole vikigusana kwa shida, hiyo ni boriti. Haya, hapo hawakutudhulumu. Thelathini na moja ni korja moja na nusu na ziada. Hicho chumba ni kazi yangu ya siku mbili, kukata tu, kubeba sijakutia. Sasa mwanangu, nyumba ina vyumba vingapi? Na umekula?"

Sikuwa nimekula. Nilinunua mkate wa chapati wenye mayai, nikaula nimesimama kwenye kituo cha metro, na nilifika kambini baada ya Isha. Nguo zilikuwa hazijafuliwa. Nililifua shati la kazi kwenye beseni, nikalitundika mbele ya kiyoyozi, na kijana wa Kakamega akaning'iniza kichwa kutoka kitandani kwake.

"Kumbe ulikuwa na mtu."

Nilimweleza yote, nikamsikilizisha sauti ya babu. Aliisikiliza mara mbili, kisha akaniuliza korja ni nini, boriti ni mti gani, na kama mzee bado anakwenda baharini. Ilikuwa mara ya kwanza tumezungumza muda mrefu bila kuitaja kazi. Akasema Ijumaa ijayo angependa aende aone. Nikamwambia atakwenda, lakini ile ijayo niachie, nina vyumba vya kuhesabu.

Na nilikwenda peke yangu, na utepe wa kupimia nilioazima kwa fundi wa jengo letu.