Upanga Unaodai Ahadi

Katika kanuni za kwanza za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, zilizotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, panga za uchawi zilitofautiana na silaha nyingine zote kwa sababu zilikuwa na nafsi. Kila upanga ulikuwa na msimamo wake, ama wa sheria, ama wa vurugu, ama wa katikati. Ulipimwa akili na majivuno, na mhusika aliyezidiwa na upanga wake aliweza kujikuta akitekeleza matakwa ya silaha badala ya yake.

Toleo la tano, la mwaka 2014, halikuzifuta panga hizo, lakini zawadi ya kawaida zaidi ni upanga wa kuongeza moja, mbili au tatu kwenye matokeo ya dadu. Sina ugomvi na hesabu yake: dadu ya kushambulia ina pande 20, hivyo kila nyongeza ya moja huongeza nafasi ya kumpata adui kwa asilimia 5, na mpiganaji mwenye nafasi ya asilimia 50 hufikia 65 kwa upanga wa kuongeza tatu. Tatizo ni kwamba nyongeza hiyo ikishaandikwa kwenye karatasi ya mhusika, hakuna anayeutaja tena upanga wenyewe. Upanga wa ndimi za moto huongeza madhara ya dadu mbili za pande sita, yaani wastani wa 7, lakini mwenyewe hulazimika kutamka neno la amri ili uwake, na mwanga wake humfichua gizani. Huo hukumbukwa.

Kwa hiyo upanga nilioutunga kwa meza yetu, niliouita Mdai, huongeza moja tu. Nguvu yake nyingine hutokana na ahadi: mara moja kwa siku mwenye upanga hutamka jambo atakalolitimiza kabla ya jua kuzama, na hadi hapo kila pigo lake huongezewa madhara ya dadu moja ya pande sita. Akishindwa, siku nzima inayofuata kila shambulio lake, hata akibadili silaha, hurushiwa dadu mbili za pande 20 na kuchukuliwa iliyo ndogo, jambo linaloshusha wastani kutoka 10.5 hadi takriban 7.2.

Mchezaji mjanja, na wajanja hawakosekani, ataahidi kula chakula cha mchana. Ndiyo maana nimeweka sharti kwamba ahadi itolewe kwa mtu anayeihitaji, aliyepo hapo, na asiye mmoja wa kundi. Sharti hilo huwalazimisha wachezaji kuzungumza na wajane, walinzi wa malango na wenye nyumba za wageni, ambao kwa kawaida hupitwa bila salamu. Adui naye ni mtu: mhusika anaweza kumwahidi mateka kwamba ataiona jioni akiwa hai, na wenzake wakimchinja mateka huyo alasiri, ahadi imevunjika ingawa mkono wake haukuwamo.