Nilivyomtafuta babu kwenye madaftari ya serikali

Kila msiba ukitukutanisha Usangi, kwetu milimani Upare, usiku watu wakishakula na moto kubaki makaa, baba mkubwa hurudia neno lake lile lile: "Baba yangu hakulipa mbiru." Hulisema amenyoosha mgongo. Vijana huitikia "ee" bila kujua mbiru ni kitu gani, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nikavuka miaka arobaini.

Kwa asiye wa kwetu: mbiru ni neno la zamani la Kipare, ushuru uliopelekwa kwa mtawala. Miaka ya 1940 utawala wa Mwingereza ulilichukua neno hilo ukalibandika kwenye kodi mpya iliyopanda na kushuka kwa kadiri ya mali. Wanakaa watu wanakukadiria: una ng'ombe hawa, una kahawa hii, basi wewe toa kiasi fulani. Wapare wakagoma. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na mgogoro haukuisha mpaka kodi ile ilipoondolewa. Hiyo ndiyo fahari ya baba mkubwa.

Sasa, mwaka juzi tulikuwa tunabomoa nyumba ya zamani ya babu. Shangazi akatoka chumbani na kopo la bati lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na senti za tundu, ufunguo usiojulikana kufuli lake, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliikunjua kwa kucha, maana mikunjo ilishaanza kuachia. Ilikuwa stakabadhi ya kodi. Maandishi ya chapa, nafasi zimejazwa kwa wino uliopauka ukawa rangi ya chai: jina la babu, jina la baba yake, mkuu wa mtaa wake, kiasi alicholipa, na mwaka. 1944.

Nikamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akautazama mlima.

Hakuna aliyesema kitu siku ile, lakini mimi nilirudi Dar na picha ya ile karatasi kwenye simu, na usingizi haukuja vizuri. Sikuwa nataka kumuumbua mzee. Nilitaka kujua babu alikuwa nani hasa, kwa sababu zaidi ya mbiru na ukali wake hatukuwa na lolote.

Nilianza vibaya. Nilikwenda kuulizia cheti cha kuzaliwa. Dada wa dirishani akaniuliza alizaliwa mwaka gani, nikajibu kabla ya vita ya Mjerumani, akacheka kwa upole akaniambia nikae. Akanieleza kwamba wakati wa ukoloni kuandikisha vizazi hakukuwa lazima kwa Waafrika walio wengi, hivyo mzee wa kijijini wa umri ule hana cheti cha kupotea. Hakuwahi kuwa nacho. Nilitoka pale nimenywea, ila neno lake lilinifungua macho. Serikali ile haikuwa na shida ya kujua babu kazaliwa lini. Shida yake ilikuwa shilingi zake. Basi nikaacha kuuliza babu aliandikwa wapi, nikaanza kuuliza nani alikuwa anamdai. Ukigeuza swali hivyo, orodha inakuwa fupi: mtoza kodi, baraza la uchifu, na kanisa, ambalo nalo lilikuwa na madai yake.

Nikapanda nyumbani, nikaandikiwa na mtendaji wa kijiji barua ya utambulisho, muhuri ukagongwa, nikaanza kuzunguka nayo. Halmashauri ya kwanza niliyofika (siitaji) mama wa masijala aliisoma barua yangu hadi mwisho, akavua miwani. "Mwanangu, sisi hapa ni wadogo zako." Nilidhani ananitania. Kumbe majalada yake ya zamani kabisa yanaanzia 1984. Akanihesabia kwa vidole: uchifu ulifutwa 1963, halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa 1972 ulipokuja mpango wa serikali wa Madaraka Mikoani, sheria ya kuzirudisha ikatungwa 1982, na zenyewe zikaanza tena kazi 1984. Katikati hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Mwanga, ambayo ndiyo wilaya yetu leo, ikakatwa kutoka Same. Kila ofisi inapofungwa makaratasi hupakiwa, hushushwa, hugawanywa, na mengine hufungiwa maandazi. Hilo la maandazi alilisema yeye, si mimi.

Mtu anayetafuta ukoo wake hana budi kuijua hadithi hiyo kabla ya kupanda basi. Mimi niliijua baada ya nauli mbili.

Nikaenda Nyaraka za Taifa, ofisi inayotunza karatasi za zamani za serikali, Dar, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Watu wengi hudhani pale ni pa maprofesa na wazungu. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inakuruhusu wewe raia kusoma kumbukumbu za umma zikishapita miaka 30, ukiwa na barua yako na kitambulisho. Unaingia na penseli, kalamu ya wino unaiacha nje. Unapewa orodha, unachagua namba, unajaza fomu, unasubiri jalada liletwe.

Siku mbili nzima nilichagua namba zisizo na maana. Nilikuwa naagiza majalada ya Jimbo la Kaskazini (jimbo la siku zile ni kama mkoa wa leo), kwa sababu Upare iko Mkoa wa Kilimanjaro na Kilimanjaro ni kaskazini. Nilisoma habari za kahawa ya Moshi mpaka macho yakauma. Siku ya tatu kaka mmoja aliyekuwa akisoma meza ya jirani akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. "Upare ipi, ya leo au ya Mwingereza?" Nikamkodolea macho. Wilaya ya Pare, akasema, ilikuwa chini ya Jimbo la Tanga, pamoja na Lushoto, Korogwe, Handeni na Pangani. Ningeweza kukaa Upanga mwaka mzima na nisimpate babu, kwa kuwa nilikuwa namtafuta kwa ramani ya leo.

Majalada ya Tanga yalipokuja, jina la babu halikuwamo. Naona niseme hivyo mapema, nisije nikaonekana mtu wa bahati. Mlikuwa na barua za Bwana Shauri kwenda kwa mkubwa wake, taarifa, malalamiko, ubishi juu ya nani akadiriwe na kwa kipimo gani. Lakini katika kusoma ubishi ule ndipo nilipoelewa jambo ambalo lingenipunguzia usiku mwingi wa kugeuka kitandani: kodi zilikuwa mbili. Kulikuwa na kodi ya serikali kuu, ile ya kichwa, ambayo watu walikuwa wakiilipa miaka nenda miaka rudi. Mbiru ilikuwa juu ya hiyo, inakwenda kwenye hazina ya utawala wa wenyeji. Watu waligomea hii ya pili. Nikafungua picha kwenye simu, nikaikuza, nikasoma kichwa cha stakabadhi herufi kwa herufi. Kodi ya serikali.

Nilitoka nje nikampigia baba mkubwa palepale ngazini. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa ndio umesoma." Hakuniambia kama yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Nadhani alikuwa nao.

Wengine wangeishia hapo. Mimi nilishanogewa.

Kanisani niliingia kwa ajili ya jina. Sisi leo tunatumia jina la ukoo mwishoni, kwa hiyo nilikuwa nikimtafuta babu kwa jina la ukoo, na kwa jina hilo Usangi nzima ni ndugu zangu. Zamani mtu aliandikwa fulani wa fulani, yeye na baba yake, basi. Halafu babu alibatizwa ukubwani akawa Yohana, na sisi wajukuu tulimjua kwa Yohana tu. Ulutheri ulifika kwetu na wamisionari wa Leipzig, na watu wale, semeni mtakayosema, walipenda daftari. Katibu wa usharika alinifungulia kitabu cha ubatizo, akateremsha kidole taratibu kwenye safu, na huyo hapo: Yohana, na pembeni jina la kabla ya ubatizo, Mbonea, na jina la baba yake lililolingana na la kwenye stakabadhi. Nimewahi kulipia vitu vya maana kidogo kuliko mstari ule, na pale nilitoa sadaka tu.

Nikiwa na majina yote mawili ndipo nikaenda mahakamani. Mabaraza ya machifu ndiyo yaliyokuwa yakiamua mashauri ya wenyeji mpaka sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963 ilipoleta Mahakama za Mwanzo. Mahali pengine jengo lilibaki lile lile, likabadilishwa kibao tu, na madaftari ya zamani yakabaki stoo. Kwa hiyo aliyeyakosa halmashauri asikate tamaa kabla ya kugonga kwa hakimu. Niliandika barua ya maombi, nikaileta mwenyewe, nikarudi mara tatu. Mara ya tatu karani akanipa ufunguo na tahadhari juu ya nyigu.

Stoo ilikuwa na dirisha moja dogo. Madaftari yamepangwa chini, juu yake viti vilivyovunjika. Mchwa walikuwa wamekula kona za chini za mawili, wakaacha kitu kama ramani ya ziwa. Nilifunga kitambaa puani, nikawasha tochi, nikaanza na lile lenye jalada zima. Mwandiko mzuri ajabu. Makarani wa siku zile walikuwa na mkono. Safu zimepigwa kwa rula: namba, tarehe, mdai, mdaiwa, madai, mashahidi, hukumu, ada. Kiswahili kitupu. Ukurasa baada ya ukurasa ni mbuzi aliyeingia shamba la mahindi, mfereji ulioibiwa maji usiku, matusi, mipaka, mahari, mfereji tena.

Alikuwa mwaka 1951, nusu ya chini ya ukurasa. Karani alimwandika "Boneya", na ningempita kama si jina la baba yake. Yeye ndiye mdaiwa. Mdai ni kaka wa bibi. Madai: ng'ombe mmoja na mbuzi mmoja wa mahari, bado. Mwaka 1951! Baba mkubwa alikuwa keshazaliwa, anakimbia, na mahari ya mama yake ilikuwa haijaisha. Hukumu: alipe ng'ombe, mbuzi amesamehewa. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka karani akachungulia.

Niliomba ruhusa nikapiga picha, si ukurasa ule tu. Nilipiga na wa kabla yake na wa baada yake, pamoja na jalada la daftari na namba yake, kwa sababu nilishajifunza kwamba karatasi isiyojulikana imetoka wapi haina mwenyewe. Ilinisaidia. Ukurasa wa nyuma nilimkuta baba wa bibi katika shauri jingine la mfereji, na kwa njia hiyo nikajua bibi alitoka kitongoji gani, jambo ambalo mama zetu walikuwa wakibishana kila mwaka.

Jioni niliwasomea nyumbani. Habari ya ng'ombe ilipokelewa kwa kelele. Baba mkubwa alisema baraza lilionea. Nikaendelea mpaka safu ya mashahidi: "dada wa mdaiwa", na jina la mwanamke. Nikauliza huyu nani, maana sisi tulijua babu alizaliwa na kaka watupu. Kimya. Baba mkubwa akasema karani alikosea.

Shangazi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Hakukosea. Yule aliolewa Ugweno, wakagombana na baba kwa shauri hilohilo. Alimtolea ushahidi kaka wa mama." Akapepeta, akapuliza. "Ana wajukuu kule. Mmoja nilisoma naye."

Ugweno ni mlima wa jirani. Ukisimama nyuma ya nyumba unauona. Shangazi amesema twende Jumamosi mapema, nibebe ile picha, na nisije na viatu vya mjini.