Kamba wa nazi kwa watu wawili

Kumpikia mwenzi, iwe kumbukumbu ya ndoa au Ijumaa tu isiyo na sababu, kuna mtego mmoja: mpishi anashinda jikoni, anakuja mezani amelowa jasho, na mwenzake keshaanza kusinzia. Ndiyo maana nawatetea kamba. Kazi yao yote hutangulia. Motoni ni dakika chache.

Ila kwanza uliza kama kamba wanamdhuru. Wapo wanaovimba midomo au kubanwa pumzi kwa kipande kimoja tu.

Nusu kilo ya kamba wenye vichwa inawatosha wawili, maana vichwa na maganda huchukua karibu nusu ya uzito. Uwe Feri ya Dar es Salaam au Darajani kule Unguja, fika asubuhi. Shika kichwa: kikining'inia kutaka kuchomoka, au kimeingia weusi, achana naye. Harufu ikishachoma pua, haiondolewi na ndimu wala bizari.

Menya, acha mkia. Pasua mgongo kidogo utoe ule uzi mweusi. Ni utumbo, na ukiubakisha mtatafuna mchanga. Vichwa na maganda usitupe! Yakaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka yawe mekundu, tia maji vikombe 2, chemsha robo saa, chuja. Kidonge cha supu hakifui dafu kwa supu hii.

Kamba watie chumvi nusu kijiko cha chai, manjano kidogo na punje 2 za thomu iliyotwangwa, uwaweke kwenye friji. Ndimu bado. Ukali wake huikaza nyama kabla haijaona moto.

Ikune nazi moja, uikamue kwa maji ya uvuguvugu: tui zito kikombe kimoja, jepesi kikombe kimoja, kila moja chombo chake. Kaanga kitunguu maji kimoja mpaka kilainike, tia tangawizi, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai na nyanya 2 zilizokunwa. Usiwe na haraka hapa. Nyanya isiyoiva huacha uchachu unaopigana na nazi. Mafuta yakielea juu, mimina supu na tui jepesi, acha vipungue mpaka nusu. Tumbukiza pilipili mbichi nzima bila kuipasua. Sasa zima moto, kaoge, vaa.

Mkiwa tayari kula, chemsha tena mchuzi, tia kamba. Dakika 3 hivi, wakishabadilika rangi na kujikunja nusu duara, punguza moto, mimina tui zito na ukoroge bila kufunika. Likianza kutokota pembeni, ipua. Likichemka kwa nguvu hukatika: mafuta yanajitenga, mchuzi unabaki chembechembe. Na kamba aliyejikunja duara kamili ameshakuwa mpira. Ndimu nusu kamulia sasa, chungu kikiwa chini, na kotmiri juu.

Pakua na wali mweupe. Wali wa nazi ni mtamu, lakini juu ya mchuzi wa nazi unakinaisha, na shibe nzito huleta usingizi. Udi uchome mapema, tena chumba kingine, usije ukameza harufu ya chakula.

Wakibaki, siku ya pili watoe kamba, pasha mchuzi peke yake kwa moto mdogo, kisha warudishe mwishoni wapate moto tu.