Jiwe la Amabere

Jana binti yangu alikuwa anapangusa rafu, akanyanyua lile jiwe langu. "Mama, mbona jepesi hivi? Na mbona lina vitundu kama mkate?" Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikamwambia asubiri.

Desemba 1994, tukiwa bado kambini Fort Portal, magharibi mwa Uganda, Baba alipata mapumziko ya siku moja akatupeleka kwenye pango la Amabere ga Nyina Mwiru, yaani matiti ya Nyina Mwiru. Njia nzima alitusimulia jinsi Mfalme Bukuku alivyomkata bintiye, Nyina Mwiru, matiti asije akaolewa, na kwamba yale maji meupe yanayotona pangoni ni maziwa yake. Wenzangu waliingia. Mimi nikabaki nje, penye maporomoko.

Pale maji yanaporukia mwambani paliota kuvumwani, vile vijimea vidogo vya penye unyevu, kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikachomoa kishungi. Hakikung'oka kama nyasi. Kilikatika kwa mlio, kama chaki. Nikakigeuza mkononi. Ncha zilikuwa mbichi, zinadondosha maji. Chini kidogo zilipauka, zimeshikwa na unga mweupe ambao ukucha wangu haukuweza kuubandua. Chini kabisa, jiwe tupu, ila kila kashina kamesimama palepale na vijani vyake. Nilitafuta mmea unapoishia na jiwe linapoanzia. Sikupaona.

Mama aliyetuongoza, tuliyeambiwa tumwite Akiiki, alikuwa nyuma yangu. "Na wewe unamkata tena?"

Sikumjibu. Nikakitia mfukoni.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Maji yale yamepita kwenye majivu ya volkano za kale, yakabeba chokaa. Yakirukaruka hupoteza hewa ya kaboni, na chokaa hutua juu ya kuvumwani. Mmea hukimbilia mwanga huku miguu yake ikizikwa. Baadaye kilichozikwa huoza, na pale kilipokuwa hubaki tundu. Kuna kuvumwani waliobahatika zaidi: waliozama katika utomvu ukawa kaharabu, kule Baltiki, huonekana hadi seli za majani, na kwenye vinamasi vya juu Rwenzori, tindikali na uhaba wa oksijeni huwachelewesha kuoza. Hili langu lilitunza umbo tu. Hata zile ncha za kijani zilikauka kabla ya Krismasi.

Binti alisikiliza, akafumba jicho moja na kuchungulia kitundu.

"Kwa hiyo tutalirudisha lini?"

Nikamwambia vitunguu vinaungua. Na kweli vilikuwa vinaungua.